Sumaku ya Bwana Gremmo

Bwana wa bima amefika saa tatu asubuhi,
viatu vyake havijawahi kukanyaga oili.
Ametoa mfukoni sumaku ndogo, kaivika kitambaa
isije ikakwaruza rangi,
na kwa hilo tu nikamsamehe viatu.

"Lancia," akasema. "Fulvia. Ya sitini na saba."
Kana kwamba sijui ninalala ukuta mmoja na nani.

Nililinunua mwenyewe, kwa mshahara wa kiwanda cha sufu,
miaka saba ya zamu za usiku hapa Biella,
mitambo ikigonga hadi ndotoni.
Mama aliuliza mume atakaa wapi,
gari lenyewe milango miwili.
Nikamwambia akija atapanda mbele, kama mtu.
Hakuja.
Au alikuja, akanikuta chini ya gari.

Watu husema ninalimiliki. Waulizeni mgongo wangu.
Injini imelalia ubavu, silinda nne zimebanana
kama ndugu wanne kitanda kimoja:
mguse mmoja, wote walalamike.
Kabureta ni mbili na hazipatani.
Kila theluji inapoyeyuka nakaa kati yao na bisibisi,
robo mzunguko huku, nusu ya robo kule,
mpira nimeuchomeka sikioni,
nasikiliza hadi pumzi zao zilingane.
Na baridi yote, barabara zikiwa na chumvi,
halitoki; ila kila Jumapili nakanyaga klachi
mara ishirini, isije ikagandana.
Kutu haina likizo. Mimi nitaitoa wapi?

Mali bila daftari hupotea bila habari,
hivyo ninalo, la jalada jeusi, lenye vidole vya grisi:
plagi nne, Machi sabini na sita;
pampu ya maji, kutoka gari lililofia Cuneo;
kioo cha nyuma, kimevunjwa na mpira wa padri.
Bwana Gremmo analifunua kwa ncha za kucha.
"Bibi, daftari hili peke yake ni yuro elfu nne."

Kisha sumaku ikaanza safari.
Boneti na milango ni aluminiamu, akairuka, anajua kazi.
Paa: ikang'ata. Ubavu wa nyuma: ikang'ata.
Madigadi ya mbele, kushoto, juu ya gurudumu:
ikateleza, ikaanguka sakafuni. Tik.

"Puti," akasema, akapima kwa kiganja.
Akarudi daftarini. Novemba themanini na saba,
mwezi mzima mweupe.
"Hapa palitokea nini?"

Palitokea nguzo ya daraja,
nami narudi kutoka kumzika Mama.
Ukungu ulikuwa barabarani au machoni, hadi leo sijui.
Palitokea Delfo, fundi wa Cossato,
na kopo la puti na taa ya mkononi.
Hakuuliza. Alilipapasa bati lililobonyea
kama daktari apapasavyo tumbo la mtoto,
akagonga, akapaka, akasugua kwa msasa na maji
hadi jogoo wa jirani akamaliza maneno yake.
Nilipotoa pochi, alifuta mikono kwenye suruali,
akasema rangi isiguswe siku tatu,
akaenda.
Yeye alikuwa na mke. Mimi nilikuwa na gari.
Bila pesa hakuna risiti,
bila risiti hakuna mstari.

"Sikumbuki," nikamjibu.
Akaweka alama ya kuuliza, akakata elfu moja na mia tano,
akapiga muhuri, akanipa karatasi ya thamani
kwa mikono miwili, kwa adabu,
akashuka na kilima chake.

Sumaku ameisahau sakafuni.
Nimeijaribu mwenyewe pale pale, kushoto, juu ya gurudumu.
Ikaanguka. Nikaijaribu tena.
Sasa iko jikoni, mlangoni pa friji,
imeishikilia karatasi yake.